Wanafunzi 34, juzuu 12 na foleni isiyosogea

Kwa wahariri wa kona ya vitabu,

Habari za kazi. Ninaandika kutoka Tanga, ninakosimamia maktaba ya shule moja ya sekondari ya kutwa. Mwanzoni mwa muhula tulipokea boksi la vitabu vya msaada, na chini kabisa, chini ya kamusi na atlasi, mlikuwamo Fruits Basket, ile manga (hadithi ya michoro ya Kijapani) ya Natsuki Takaya, kwa Kiingereza. Kuna juzuu nene 12, kamili, na vitabu vyembamba vitano vya toleo la zamani, namba 1 hadi 5.

Tangu siku hiyo maktaba imegeuka kituo cha daladala. Wanafunzi 34 wa kidato cha pili wamejiandikisha, wasichana 29 na wavulana watano ambao hufunika jalada kwa gazeti. Kila mmoja anakaa na juzuu wiki nzima, na walio nyuma wanaficha juzuu zinazofuata nyuma ya atlasi ili wengine wasiwatangulie. Kuna waliosoma vyembamba vyote vitano wakarukia juzuu nene ya 6, wakarudi kulalamika kwamba hadithi haina kichwa wala miguu. Wengine walianza kusoma kwa upande wa kushoto. Mabinti wawili wameacha kusalimiana kwa sababu ya mwisho wa hadithi: mmoja aliona anime, yaani katuni yake ya televisheni, anaapa haiishi hivyo wanavyosema wenzake.

Juzi mzazi mmoja alikuja na malalamiko. Watu wanageuka wanyama, wavulana na wasichana wanakumbatiana, je, shule inafundisha uchawi? Mkuu wa shule ameniambia niamue mwenyewe kabla ya kikao cha wazazi. Kurasa nazo zimeanza kuachia, na sasa wanataka kuchora manga yao wenyewe, tena kwenye madaftari ya hesabu.

Nizuie au niache? Mimi mwenyewe nimesoma juzuu ya kwanza tu.

Mwalimu wa maktaba, Tanga

JIBU

Mwalimu, pole na kazi. Usizuie, ila usiache hivi hivi pia. Katika barua yako yote iliyotushtua ni sentensi ya mwisho. Juzuu ya kwanza ni chambo: Tohru Honda, binti yatima, anaishi kwenye hema, anachukuliwa na ukoo wa ajabu wa Sohma, watu wanageuka panya na mbwa katikati ya wingu la moshi, kicheko juu ya kicheko. Anayeishia hapo atadhani ni vichekesho vya watoto. Kumbe huko mbele kuna misiba, vipigo na chumba cha giza. Soma juzuu tatu za mwanzo kabla hujaanza kugawa upya. Kila moja ina karibu kurasa 400, lakini maneno ni machache, na mtu mzima huimaliza kwa saa tatu hivi. Kisha endelea kuwa mbele yao. Tarehe za kufikia juzuu zenye mambo mazito tutakupa hapa chini, kwa sababu zinatokana na hesabu ya foleni.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa mwendo wa sasa, msomaji mmoja kwa wiki, juzuu ya kwanza itamfikia mtu wa 34 katika wiki ya 34, na huyo atahitaji wiki nyingine 11 kumaliza zilizobaki. Jumla wiki 45. Muhula gani huo? Wafunge wawili wawili, upate jozi 17, na kila jozi ikae na juzuu siku mbili za masomo: Jumatatu na Jumanne, au Jumatano na Alhamisi. Usiku wa kwanza kitabu kinalala kwa mmoja, usiku wa pili kwa mwenzake, na saa ya maktaba wanasoma pamoja, anayeelewa zaidi akimfafanulia mwingine. Jozi ya kwanza ikichukua juzuu ya pili, jozi ya pili inashika ya kwanza, na kuendelea hivyo. Jozi ya 17 itaanza katika zamu ya 17 na kumaliza katika zamu ya 28. Zamu mbili kwa wiki, kwa hiyo wiki 14.

Ijumaa iache wazi makusudi. Ni siku ya waliochelewa kumaliza, ya kurudisha, ya kukagua kurasa. Ukiijaza nayo, jozi moja ikiugua Jumatatu basi mstari mzima nyuma yake unasimama, maana katika mpango huu hakuna anayeweza kumpita aliye mbele. Kwa sababu hiyohiyo weka wasomaji wepesi mbele na wazito nyuma, hata kama wazito ndio waliojiandikisha kwanza. Watanung'unika siku mbili, watazoea.

Vile vitabu vyembamba vitano vitakushawishi uanzishe foleni ya pili. Havitasaidia, kwa sababu wote watakutana mlangoni mwa juzuu nene ya tatu na msongamano utahamia hapo. Viweke akiba, kwa ajili ya anayejiunga katikati au siku juzuu ya kwanza au ya pili iko kwenye gundi. Na hapa ndipo walipopotea wale waliorukia juzuu ya 6. Manga hii ilitoka Japani katika vitabu 23. Toleo nene limevikusanya kuwa 12, yaani kila juzuu nene inabeba takribani vyembamba viwili. Aliyemaliza chembamba cha 5 yuko katikati ya juzuu nene ya 3. Akichukua nene ya 6 ameruka hadithi ya vitabu vyembamba kama vitano, na katika pengo hilo ndimo Kyo, kijana wa ukoo wa Sohma anayegeuka paka, anapofichuka alivyo kweli, jambo ambalo hadithi yote ya baadaye imeegemea. Hawakukosea kusema haina kichwa. Waambie wafuate namba ya sura, si namba ya jalada: chembamba kikiishia sura fulani, wafungue nene hadi waione sura inayofuata. Wasishangae maneno kubadilika kidogo, kwani matoleo hayo mawili yana tafsiri mbili tofauti.

Tatizo la kusimuliana mwisho litakuja tu. Jozi ya kwanza itamaliza juzuu zote katika wiki ya sita, wakati jozi ya 17 itaanza wiki ya tisa. Hutaweza kuwafunga midomo. Chukua daftari la kurasa 96, ligawe kurasa nane kwa kila juzuu, andika namba ya juzuu juu ya kila sehemu na uibane kwa klipu. Mwenye la kusema aliandike humo, katika sehemu ya juzuu aliyomaliza, na asifungue sehemu asiyoifikia. Hii inafanya kazi kuliko marufuku, kwa sababu aliyemaliza hataki hasa kuharibu utamu wa mwenzake, anataka pa kulia. Ukumbuke manga hii ilitolewa kwa vipande katika jarida la Hana to Yume, lililokuwa likitoka mara mbili kwa mwezi, kuanzia 1998 hadi 2006. Kila sura ilikatwa mahali ambapo msomaji wa Kijapani angehesabu siku hadi toleo lijalo. Watoto wako hawajarogwa. Kitabu kilitengenezwa kiwafanye hivyo, na kuficha juzuu nyuma ya atlasi ni matokeo yake.

Mabinti waliokosana wapatanishe leo hii, maana wote wana haki. Kuna anime mbili. Ya kwanza ni ya mwaka 2001, ina sehemu 26, ilitengenezwa wakati Takaya bado anaandika, ikabidi ijitafutie mwisho wake njiani. Ya pili ilirushwa kuanzia 2019 hadi 2021, ina sehemu 63 na inafika mwisho wa kitabu. Muulize binti aliona ipi. Kama wataanza pia kubishana kwamba mchoraji alibadilika katikati, hapana, ni yuleyule: Takaya aliumia mkono anaochorea, akafanyiwa upasuaji, akasimamisha kazi kwa muda, na michoro ya baada ya hapo ina sura tofauti kidogo.

Sasa namna ya kusoma. Tanga una bahati ambayo walimu wa bara hawana: watoto wengi wamepita chuoni, wanajua kitabu kinachofunguliwa kwa upande wa kulia. Waambie wakishike kama wanavyoshika msahafu, mgongo wa kitabu uwe mkono wa kulia, na nusu ya kazi imekwisha. Vile vyembamba vina hata onyo kwenye ukurasa wa mwisho, kwa anayeanza upande usio, kwamba asimame na ageuze kitabu. Nusu ya pili ndiyo yenye mtego. Ukurasa unakwenda kulia kwenda kushoto, lakini mistari ya Kiingereza ndani ya kiputo, kile kiduara chenye maneno ya mhusika, inakwenda kushoto kwenda kulia kama kawaida. Jicho linapomaliza mstari liko upande wa kulia wa kiputo, na linataka kuendelea kulia. Inabidi lirudishwe.

Chora ubaoni visanduku viwili vilivyo sambamba. Cha kulia, mama ameinama na kiputo kinasema "Umekula?" Cha kushoto, mtoto kageuza uso, kiputo "Bado." Mwambie mmoja asome kuanzia kushoto. Mtoto atakuwa amejibu kabla ya kuulizwa, darasa litacheka, na hutahitaji kueleza tena. Kisha weka viputo viwili ndani ya kisanduku kimoja, cha kulia kikiwa chini kidogo kuliko cha kushoto. Hapo wengi hukwama. Kilicho juu zaidi kwa kawaida hutangulia, na vikiwa kwenye usawa mmoja cha kulia ndicho cha kwanza. Ukurasa mmoja wa mazoezi kwa vipande vya karatasi vya kubandika na kubandua, kila kisanduku kikipewa namba, unatosha. Wasiandike namba kwenye kitabu, hata kwa penseli.

Shojo, yaani manga zinazotoka katika majarida ya wasichana, ina ugumu wake wa ziada. Visanduku vingi havina mipaka. Mhusika anasimama wima toka juu hadi chini ya ukurasa, akikatiza visanduku vitatu, nyuma yake maua au weupe mtupu. Maneno yanaelea bila kiputo. Hayo yanayoelea ni mawazo, hayakusemwa, na msomaji anayedhani yamesemwa atajiuliza kwa nini aliye mbele hajibu. Ni mawazo ya nani? Tazama uso ulio karibu zaidi, hasa uliochorwa macho tu. Na pale ambapo nafasi kati ya visanduku imekuwa nyeusi badala ya nyeupe, mara nyingi tumerudi nyuma, ni kumbukumbu. Bila kulijua hilo, wanafunzi watakuambia mama yake Tohru, Kyoko, amefufuka.

Jambo dogo ambalo Waswahili tunalielewa upesi kuliko wengi ni heshima za majina, vile viambishi vya Kijapani mwishoni mwa jina. Tohru anamwita Yuki, mvulana wa ukoo wa Sohma, "Sohma-kun" mwanzoni, kisha "Yuki-kun". Mtu mzima kama Shigure ni "Shigure-san", na rafiki zake wa karibu ni "Uo-chan" na "Hana-chan". Waulize wanafunzi: ungemwita jirani yako jina tupu, au Kaka Juma, au Baba Zuhura? Wakilinganisha watagundua mapema nani anamsogelea nani, kabla hadithi haijasema. Hao wavulana watano nao waondoe magazeti kwenye majalada. Neno shojo linataja jarida manga ilimotoka, halimkatazi mtu kuisoma.

Mzazi mpokee vizuri, tena ikiwezekana kabla ya kikao, si ndani yake. Kuhusu kukumbatiana, mfungulie ukurasa aone: laana ya ukoo wa Sohma ni kwamba walio nayo wakikumbatiwa na mtu wa jinsia nyingine asiye na laana hiyo wanageuka wanyama. Yaani hiki ni kitabu ambacho kukumbatiana kwa mvulana na msichana mara nyingi ndiko kunakoleta balaa. Usimfiche kwamba wakirudi kuwa watu wanakuwa hawana nguo. Michoro inawasitiri kwa moshi na ni ya kuchekesha, lakini ni afadhali aisikie kwako kuliko kwa jirani.

Kuhusu wanyama, ni wale 12 wa kalenda ya Kichina inayotumika pia Japani: panya, ng'ombe, chui milia, sungura, joka, nyoka, farasi, kondoo, tumbili, jogoo, mbwa na nguruwe. Mwaka 2011 ulikuwa wa sungura, 2012 wa joka. Hadithi ya kale inayotumika kitabuni ni kwamba Mungu aliwaalika wanyama karamuni na panya akamdanganya paka kuwa karamu ni kesho yake, paka akalala, akakosa nafasi. Mtu aliyekulia hadithi za Sungura na Fisi hatakosa kumtambua huyo panya. Sisi tungekushauri usiwaache wanafunzi kutabiriana tabia kwa mwaka wa kuzaliwa. Hapo mzazi atasema ni ramli, nawe hutakuwa na jibu. Ishieni kwenye kalenda.

Kama unataka kumwonyesha mzazi kiini cha kitabu kwa dakika kumi, wachezesheni mchezo uliokipa jina. Watoto 15, viti 14 kwa mduara, kila mmoja anapewa jina la tunda: embe, chungwa, ndizi, nanasi, matunda manne tu ili kila jina liwe na watu. Aliye katikati anaita "Embe!" na maembe wote wanahama viti, naye anakimbilia kimoja. Akiita "Kapu la matunda!" wote wanahama. Tohru alipokuwa mdogo wenzake walimpa jina la onigiri, tonge la wali, na tonge si tunda, kwa hiyo akakaa akisubiri kuitwa na hakuitwa. Usimpe mtoto nafasi hiyo hata kwa mfano. Ichukue wewe. Jiite Andazi, ongeza kiti chako, kaa, subiri. Baada ya dakika tano watakuona, na hapo uwaulize anajisikiaje mtu asiyeitwa.

Tonge hilohilo linarudi baadaye, na ni mahali pazuri pa mjadala wa Kiswahili. Tohru anamwambia Kyo kwamba uzuri wa mtu ni kama tunda la chumvi la umeboshi lililobandikwa mgongoni mwa tonge: wenzako wanaliona, wewe hulioni, unabaki kuyaonea wivu ya wengine. Sisi tuna nyani haoni kundule, nayo inasema kasoro. Wape wanafunzi hizo mbili na waandike ukurasa mmoja: ni ipi kweli zaidi kwao? Utapata insha bora kuliko za mtihani.

Wanafunzi wanaosoma safu hii, rukeni aya mbili zifuatazo, zinafichua.

Mambo mazito hayaji pamoja, yanapanda. Kisa, mmoja wa akina Sohma kama wengi tutakaowataja hapa, anaonewa na wenzake darasani hadi anaacha kusema kabisa. Momiji ana mama aliyeshindwa kumpokea, akafutiwa kumbukumbu, sasa hamjui mwanawe. Katika juzuu ya tatu inaonekana sura halisi ya Kyo, na tunajua kuwa mama yake alikufa. Hatori aliumizwa jicho. Yuki alifungiwa gizani utotoni. Katika nusu ya pili Rin, aliyekuwa akipigwa na wazazi wake, anasukumwa dirishani. Ritsu huvaa nguo za kike, na kama kuna mzazi wa kuuliza hilo, mjibu kama kitabu kinavyojibu, kwamba ni woga wa kijana asiyejiamini. Jozi ya kwanza itashika juzuu ya tatu Jumatatu ya wiki ya pili, na ya nane mwishoni mwa wiki ya nne. Hizo ndizo tarehe zako. Kila Ijumaa pitia kurasa za daftari zilizojazwa. Mtoto akiandika kwamba nyumbani kwao kuna chumba kama cha Yuki, hilo si suala la maktaba tena. Mpeleke faragha kwa mwalimu wa malezi siku hiyohiyo, na ukurasa huo uutoe kwenye daftari.

Karibu na juzuu ya nane kuna jambo ambalo hatupendi lipite kimya. Inasimuliwa jinsi wazazi wa Tohru walivyokutana: Kyoko alikuwa mwanafunzi, Katsuya alikuwa mwalimu wa mazoezi shuleni kwake, wakaoana angali msichana mdogo. Kitabu kinalichora kama wokovu wa binti aliyetupwa na wazazi, kwa machozi na maua, na kwa ustadi mkubwa, na ustadi huo ndio hatari yenyewe. Sisi tunaipenda manga hii na bado tunasema Takaya alikuwa mpole mno kwa Katsuya. Kaa na kila jozi dakika 15 kabla ya kuwapa juzuu inayofuata. Waeleze wazi kuwa mwalimu anayemtaka mwanafunzi anavunja dhamana yake hata akiwa mpole kama Katsuya, na kwamba hapa kwetu Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inampa kifungo cha miaka 30 anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi. Kisha waulize hadithi ingekuwaje kama angemsaidia tu, bila kumuoa. Usiirarue sura hiyo. Ukiirarua wataitafuta kwenye simu, na huko hutakuwapo.

Vitabu vyenyewe: vimebandikwa kwa gundi, havikushonwa. Kitabu cha kurasa 400 kikilazwa wazi kikaegemezwa mezani, gundi ya mgongoni inapasuka na kurasa za katikati ndizo za kwanza kutoka. Kabla ya kugawa upya, kila juzuu isiyopasuka ifunguliwe taratibu: simamisha mgongo mezani, laza jalada moja, kisha jingine, halafu kurasa kumi upande huu, kumi upande ule, hadi katikati, ukibonyeza kidogo kwa kidole. Ukurasa uliotoka urudishwe kwa gundi nyeupe ya maji, mstari mwembamba wa milimita 2 kwenye ukingo wa ndani, uwekwe karatasi ya nailoni kila upande na ukandamizwe chini ya zile atlasi kwa saa 24. Usitumie solotepu, inageuka njano na ulimbo wake unanasa ukurasa jirani. Gundi ya kukauka haraka nayo inakuwa ngumu kama kioo na kuvunjika mara ya kwanza kitabu kinapofunguliwa. Na kwa unyevu wa Tanga, rafu isigusane na ukuta.

Wanaotaka kuchora watoke kwenye madaftari ya hesabu, kwanza kwa sababu ya mwalimu wa hesabu, pili kwa sababu mistari ya daftari inaharibu kila kitu. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inafaa kwa rasimu, lakini wino unapenya na kuchanua. Kazi safi ifanyike kwenye karatasi ya gramu 120 au zaidi, au manila iliyokatwa ukubwa wa A4. Ndani yake wapige fremu ya sentimita 15 kwa 22, na mambo yote muhimu yabaki humo. Visanduku vinne hadi sita kwa ukurasa. Nafasi kati ya safu ya juu na ya chini iwe milimita 7 hivi, na kati ya visanduku vilivyo sambamba milimita 3. Tofauti hiyo ndiyo inayoliambia jicho limalize safu kabla ya kushuka. Wanaoanza huacha nafasi sawa kila mahali, kisha wanashangaa mbona wasomaji wao wanashuka badala ya kuvuka.

Kalamu mbili za wino za ncha nyembamba zinatosha, 0.3 kwa nyuso na 0.5 kwa mipaka ya visanduku. Bolpeni inaacha madoa mkono ukipita juu yake. Wakimaliza kupiga wino wasubiri ukauke kabisa, dakika 10 au zaidi siku za mvua, ndipo wafute penseli, la sivyo kifutio kitavuta weusi ukurasa mzima.

Watakuuliza wachore kuanzia kulia au kushoto. Wakiandika kwa Kiswahili waanzie kushoto. Wajapani huanzia kulia kwa sababu maandishi yao ya wima hupangwa kwa safu kutoka kulia. Ukiiga mwelekeo bila sababu yake utabaki na ule mtego wa viputo tuliousema. Mwanafunzi anayetaka kuandika kwa herufi za Kiarabu, kama tenzi zetu za kale zilivyoandikwa, huyo na aanzie kulia, tena kwake kila kitu kitakwenda upande mmoja, ukurasa na mistari.

Na katika viputo, maneno yaandikwe kwanza kwa penseli, kisha kiputo kichorwe kuyazunguka. Wakianza na kiputo, "ninakushukuru" haitaingia.